Siku ya Kulivunja Bawa

1

Ndege nzima haina maneno mengi na fundi. Unaigonga, inajibu, unakwenda kunywa chai. Jumanne ile asubuhi niliigonga ndege yetu, Hondohondo, bawa la kushoto, ikajibu vibaya, na chai yangu ikapoa hapo hapo juu ya pipa, nisiikumbuke tena mpaka mchana.

Huku Kilanji tunagonga kwa mwiko wa ugali, tena uliochakaa, maana mwiko mpya una kelele zake wenyewe. Unapita nao juu ya boriti, yaani ule mwanzi mkubwa unaobeba bawa toka tumboni mwa ndege hadi nchani, unagonga kila shubiri. Mwanzi mzima unasema ko. Pale penye kiungo changu ulisema pwa.

Nasema changu kwa sababu ni changu, sina wa kumsukumia. Hondohondo niliiunda mimi, Subilaga Tweve, kwa mikono hii na ubishi wa ukoo wetu. Mwaka jana niliirefusha mabawa mkono mmoja kila upande na kuisogeza betri mbele, ili nyuma ya rubani pawe na kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mdogo wangu wa mwisho, Tumpe. Figo zake zilikuwa zimegoma, na kila Jumatano mumewe, Lutengano, alimlaza kwenye kile kitanda akampeleka hospitali ya bondeni kusafishwa damu. Dakika thelathini na tano kushuka, arobaini na tano kupanda. Kwa miguu ni siku nne, maana barabara ilichukuliwa na maporomoko, ikajengwa, ikachukuliwa tena, na mara ya tatu wakubwa wakasema basi, pandeni miti.

Sasa kurefusha bawa ni kuunga boriti, na kiungo hakiwi mwanzi hata ukikibembeleza. Nilikifunga kwa gundi na katani, nikakiegemea kwa uzito wangu wote, nikaridhika.

Nikachukua wembe, nikaipasua ngozi upana wa kidole gumba. Ngozi ya Hondohondo si kitambaa. Tuliipaka kwa brashi kutoka kwenye chungu cha mbegu, ikaota juu ya fito kwa siku thelathini, na tangu hapo inakula: kikombe cha uji mwepesi wa ulezi wenye sukari guru, kila asubuhi, kwa mrija unaopita ukingoni mwa bawa. Tawi likiitoboa leo, keshokutwa pamejifunga. Wazee waliopaa na mabawa ya maturubai wanatuonea wivu, na mimi nilikuwa nikiringa mbele yao bila aibu.

Nilipoikata ilitoa maji yake meupe kama kawaida. Nikaingiza kioo na tochi.

Mwanzi ulikuwa umepasuka, ufa wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni kwamba ngozi ilikuwa imeingia ndani ya ufa. Ilikuwa imeota nyuzi nyeupe, nene, zimeushika mwanzi pande zote mbili, na nilipozisukuma kwa bisibisi hazikubonyea hata kidogo. Ngozi ilikuwa imejua kwamba boriti imevunjika, ikaamua kujitengenezea mfupa, wala haikuniomba ruhusa.

Mfupa ule ulikuwa unabeba, au ulikuwa kovu tu? Sikuwahi kuona kitu kama kile, wala kusikia. Kanuni ya Umoja wetu wa Mafundi wa Milimani ni ya siku za maturubai, na ni fupi: boriti iliyopasuka haipai. Nikachomoa pini ya panga la mbele, kijichuma cha urefu wa kidole ambacho bila hicho panga halizunguki, nikakitia mfukoni mwa gauni. Pini ikishaingia mfukoni mwa fundi, huku kwetu hakuna anayeidai.

Lutengano alikuja saa nane kuiandaa safari ya kesho yake. Ni mtu mpole, na upole wake siku ile ulinitia hasira zaidi ya matusi. Alitazama kwa kioo muda mrefu, kisha akauliza ufa umeanza lini. Nikamwambia sijui, pengine tangu Pasaka.

"Tangu Pasaka imetubeba mara kumi na moja, shemeji."

"Au imepasuka Jumatano iliyopita mlipokuwa mnatua. Unajuaje?"

Hakujua. Wala mimi. Tulikaa pale watu wazima wawili, mmoja hajui hiki, mwingine hajui kile, na katikati yetu kuna bawa linalojua lote na halina mdomo. Akaniomba nifunge magongo pembeni ya kiungo, liende mara moja tu. Nikamweleza kwamba gongo litaongeza uzito pale pale panapouma. Akaniomba nimweke yeye na mkewe tu, bila mzigo wa dawa wa kurudi nao. Nikakataa. Akasema yeye ndiye rubani na roho ni yake. Nikamwuliza na watoto wake wawili atawaachia nani, mimi?

Tumpe alikuwa amekwisha fika mlangoni mwa banda, ameshika ukuta, miguu imemvimba mpaka kandambili hazimwingii. Alikuwa amesikia yote.

"Dada, nipeleke hivyo hivyo."

"Nikupeleke ukafe?"

"Nisipokwenda nafanya nini?"

Nilimwambia tutatafuta njia nyingine. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayesikiliza bei ya kitu ambacho hana haja nacho.

"Haya," akasema. "Umenichagulia, dada." Akageuka akarudi ndani kwa kushikashika ukuta. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningekuwa nimekwisha sahau.

Njia nyingine tulizitafuta kweli. Bawa jipya ni siku thelathini, hilo halina mjadala. Tuliita kwa redio ng'ambo ya pili ya mlima, kwa Fundi Anyitike, mzee mwenye ndege ya kitanda kama yetu. Alijaribu kuja mara mbili akageuzwa na ukungu uliokaa kwao wiki nzima, wakati kwetu jua linawaka na anga limesafishika mpaka bondeni. Tuliomba helikopta ya hospitali. Walijibu kwamba wanaangalia ratiba, na nadhani mpaka leo wanaiangalia. Alhamisi wanaume wanane wakambeba kwa machela, Lutengano akiwa mbele kulia, hataki kubadilishwa zamu. Tumpe alifariki Ijumaa saa tano asubuhi, kwenye kivuko cha mto, nusu ya njia haijafika.

2

Kwetu fundi akiizuia ndege na mtu akafa kwa kukosa kupaa, bawa lililokataliwa halichomwi kimyakimya. Kuna fundi mmoja, simtaji kwa kuwa ni marehemu, aliwahi kuizuia ndege kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, na mtoto wa watu akafa kwa pumu. Tangu hapo desturi ni moja. Matanga yakishaondolewa, bawa hutolewa nje likageuzwa tumbo juu kwenye vigogo, kwa kuwa hewani husukumwa kutoka chini, na mfiwa mwenyewe hulipakia magunia ya mchanga, moja moja, watu wakihesabu. Bawa moja la Hondohondo, yenye mgonjwa ndani na upepo mbaya ukiipiga, linatakiwa kubeba magunia kumi na mawili. Likivunjika kabla, fundi alisema kweli. Likifika kumi na mawili likiwa zima, fundi anauweka mwiko wake miguuni pa mfiwa na hashiki ndege tena maishani.

Haya yote niliyajua nilipokuwa nachomoa pini, na sikutetemeka. Ambacho sikukipigia hesabu ni Lutengano.

Baada ya mazishi alikaa mlangoni pake akawa hali, hasemi. Watoto walikuwa wanakula kwangu. Siku ya tatu nilimpelekea chakula, nikakaa naye kwenye ngazi, nikamwambia asiponiambia kitu nitafikiri ananilaani. Akaniambia.

"Kama bawa lilikuwa halibebi, nitalia, nitanyamaza. Kama lilikuwa linabeba, shemeji, basi nimembeba mke wangu begani siku mbili kumpeleka kufa, na ndege ipo bandani. Hapo sijui nitaishije na hawa watoto."

Nilifunika sahani nikaondoka.

Sasa ngoja niseme habari ya uji. Siku nne za mwanzo nilisahau tu, Mungu ni shahidi yangu. Nani anakumbuka kulisha bawa akiwa na maiti ya mdogo wake? Siku ya tano niliingia bandani, nikalikuta bawa limepauka. Nililibonyeza, kidole kikaacha shimo. Ngozi yenye njaa hujinywea, na hujinywea kuanzia ndani, kule mbali na mrija. Zile nyuzi nyeupe za kwenye ufa ndizo za kwanza kufa. Bado ilikuwa inaponyeka. Ningeilisha wiki moja, mara mbili kwa siku, ingerudi kama ilivyokuwa.

Nilipika uji, nikaupoza, nikashika kikombe mbele ya mrija. Nikamfikiria Lutengano akipandisha gunia la kumi, la kumi na moja, bawa limetulia tu. Nikauona uso wake. Nikatoka nyuma ya banda nikaumwaga ule uji kwenye majani.

Kesho yake nikaupika tena, majirani wauone moshi, nikaumwaga tena. Na kesho yake. Wiki mbili nzima nilikuwa napika uji wa kumwaga, na nilikuwa nakoroga vizuri usifanye madonge, sijui kwa ajili ya nani.

Nisijipake mafuta hapa. Nilijiambia ni kwa ajili ya shemeji yangu, mtu apate usingizi, watoto wapate baba. Na kweli ilikuwa hivyo. Lakini mwiko wangu je? Miaka ishirini na sita ya watu kuniamkia kwa heshima je? Navyo vilikuwa humo humo. Nimejaribu mara nyingi kutenganisha kipi kilikuwa kingi na nimeshindwa, na wanaoniambia kwamba wao wangeweza kutenganisha, nawaona waongo.

Asubuhi ya siku yenyewe nililipaka bawa mafuta ya alizeti ling'ae. Hilo halikuwa kwa ajili ya Lutengano. Hilo najua lilikuwa la nini.

3

Walikuja watu wengi. Kutoka ng'ambo ya mlima alikuja Fundi Anyitike, kapanda kwa miguu na kifimbo chake, amechoka, kaja kushuhudia kama desturi inavyotaka: lazima awepo fundi wa kijiji kingine. Alizunguka bawa. Alilipapasa, akanusa vidole vyake.

"Ngozi imekaza," akaniambia.

"Kipupwe," nikasema.

Akaafiki kwa kichwa. Ni mzee aliyenifundisha kuchanganya mbegu ya ngozi, na lile neno langu moja lilimtosha.

Lutengano alivaa shati jeupe alilofungia ndoa. Alilibeba gunia la kwanza, kilo arobaini, akaliweka taratibu penye kiungo kama mtu anayelaza mtoto. Watu wakasema moja. Aliweka la pili, la tatu. Alikuwa akimaliza kuweka anasimama kidogo, anasikiliza. La nne lilipokaa, bawa lilishuka nchani upana wa kiganja, na mimi nikajikuta naliombea lisivunjike. Mwenyewe nililishindisha njaa, mwenyewe naliombea.

La tano lililivunja bawa. Halikutoa mlio mkubwa. Lilisema pwa, likakunjika, magunia yakateremka chini moja baada ya jingine.

Wanawake wakaguna. Mtu akasema afadhali, na wengine wakarudia, afadhali, afadhali. Lutengano alisimama akiangalia mahali palipovunjika, mabega yakaanza kumtikisika. Kisha akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili iliyojaa mchanga.

"Shemeji, nimekuchukia siku zote hizi. Kila nikikuona na wanangu nilikuwa nakuchukia. Nisamehe."

Nikamwambia yamekwisha. Alilia pale pale mbele za watu, na hakuuachia mkono wangu. Nilikuwa nimempa kile nilichokitaka kumpa. Nakiri kwamba kwa dakika chache nilijiona nimefanya vyema, nikavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Fundi Anyitike alikuwa amepiga magoti penye ufa, anazichambua zile nyuzi kwa ncha ya kisu. Zilikuwa zinapukutika. Alitoa daftari lake dogo akaandika, akainuka kwa kushikilia kifimbo, akatufuata pale tulipo.

Alisema amefurahi kuja, ingawa jambo lenyewe ni la msiba. Ndege yake nayo, alisema, ina ufa kwenye boriti, na ngozi imeingia kwenye ufa vile vile, nyuzi nyeupe. Aliuona mwezi uliopita. Hakumwambia mtu. Alisita kuchomoa pini kwa sababu kuna binti wa miaka tisa kijijini kwao, anaitwa Bupe, mgonjwa wa figo kama Tumpe, anashushwa bondeni kila Jumatatu. Alikuwa akisema moyoni kwamba labda nyuzi zinabeba. Usingizi ulikuwa haumjii.

"Leo nimeona kwa macho," akasema. "Magunia matano. Kesho nachomoa pini. Na nitawaandikia Umoja, vijiji vyote, kila penye nyuzi ndege ikae chini. Umetuokoa, Subilaga."

Niliuliza huyo binti atafanyaje. Akasema watambeba kwa machela, kama sisi. Alisema akitazama chini.

Nilimwomba tusogee pembeni, tuzungumze mafundi wawili. Nilikuwa nataka kumnong'oneza, aende na ukweli, na Lutengano abaki na amani yake. Nilijua haiwezekani, maana Anyitike angeulizwa kwao kwa nini hakuchomoa, na neno huku milimani halikai siku tatu. Lakini nilitaka kujaribu. Lutengano hakuuachia mkono wangu. Alifikiri nimeishiwa nguvu, akanishikilia zaidi, akasema semeni hapa hapa, shemeji, hakuna la kunificha tena.

Nikamwangalia yule mzee. Nikaangalia daftari lake.

"Bawa hili halikula," nikasema. "Tangu siku ya mazishi."

Anyitike hakuelewa mara moja, au hakutaka. Akaniuliza nani alikuwa zamu ya kulilisha. Nikamwambia mimi. Akasema basi nilisahau, msiba ni msiba. Nikamwambia siku nne nilisahau. Zilizobaki nilikuwa napika uji na kuumwaga, ili livunjike.

Watu waliokuwa karibu walisogea, na waliokuwa mbali wakaulizana kumesemwa nini. Mikono ya Lutengano ilikuwa bado juu ya wangu, lakini imekuwa mizito.

"Kwa hiyo lilikuwa linabeba," akasema.

"Sijui, shemeji."

"Siku ile. Jumatano ile. Likiwa limeshiba. Lingefika kumi na mawili?"

"Sijui. Lingeweza kuvunjika kwenye gunia la tatu. Lingeweza kufika ishirini."

"Pima sasa. Lilishe upime."

"Limevunjika, Lutengano. Nyuzi zimekufa. Hakuna mtu atakayejua tena. Nilihakikisha."

Akauachia mkono wangu. Aliuweka chini polepole, kama kitu ambacho si chake na hataki kukivunja.

Anyitike alilitazama daftari, akaichana ile karatasi, akaikunja mara nne, asijue aitie wapi. Mwisho alibaki nayo mkononi. Aliniuliza, sasa yeye kesho amwambie nini mama yake Bupe, achomoe pini au asichomoe. Aliuliza kweli, kwa sauti ya mtu anayesubiri jibu. Alinisubiri kidogo, kisha akachukua kifimbo chake akaanza kushuka mteremko bila kuniaga.

Lutengano alikuwa amerudi kwenye vigogo. Aliyainua yale matano yaliyoanguka, akayapanga upya juu ya mwanzi uliokunjika, moja moja, kwa mpangilio ule ule. Akalifuata la sita. Shemasi wa kanisa letu akamwita kwa jina, hakuitika. Akaweka la saba, la nane. Yalikuwa yamekaa chini kabisa sasa, bawa limelala kwenye udongo, hakuna linachobeba. Watu walianza kuondoka wakiwashika watoto wao mikono, na watoto wake wawili walikuwa wamesimama karibu yangu, hawajui waende upande gani.

Alipofika la kumi na mbili alisimama, akasikiliza.